Brigitte Bardot: kwa nini aliacha filamu, na wanyama walipata nini

Umeniandikia kwamba baada ya habari za kifo cha Brigitte Bardot, aliyefariki Desemba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, ulisoma maelezo yasiyofanana hata kidogo: wengine wakimsifu kuwa mama wa wanyama, wengine wakimtaja kuwa mwanamke aliyehukumiwa mara kwa mara kwa kuwatukana Waislamu. Wewe ni Mwislamu na unapenda wanyama, kwa hiyo unataka kujua kwa nini aliacha sinema akiwa kileleni, kama harakati zake zilibadilisha sheria yoyote au ziliishia kwenye picha za magazeti, na kama kazi yake inaweza kupokewa bila maneno yake. Mwishoni umeuliza ni filamu ipi uanze nayo.

Nianze kwa kusema kwamba Bardot aliacha sinema, lakini hakuacha umaarufu. Aliondoka nao, akautumia kwa miaka zaidi ya 50 kama mtu atumiaye mtaji. Sheria zilizobadilika zipo, ingawa si nyingi kama wanavyodai wanaomsifu. Kuhusu maneno yake, sikubaliani na wanaosema kwamba yalikuwa ya uzee, kwa sababu chimbuko lake ni lile lile la harakati zake, yaani machinjio.

Alizaliwa Paris tarehe 28 Septemba 1934 katika familia ya Kikatoliki yenye uwezo. Baba yake, Louis, alikuwa mwenye viwanda, na mama yake, Anne-Marie, alisimamia nyumba kwa masharti makali ya mavazi, marafiki na adabu ya mezani. Baadaye Bardot alisimulia kwamba siku moja yeye na mdogo wake Marie-Jeanne walivunja chombo cha thamani, wakachapwa, na tangu siku hiyo wakatakiwa kuwasemesha wazazi wao kwa namna ya heshima wanayosemeshwa wageni. Mtu anayetaka kuelewa ukaidi wake wa ukubwani hana haja ya kutafuta mbali. Akiwa bado msichana mdogo alikubaliwa katika Conservatoire ya Paris kusomea densi ya baleti, na ndiko alikopata ule mwendo wa mgongo ulionyooka ambao kamera iliupenda kabla hajajua kuigiza. Mwaka 1950, akiwa na miaka 15, picha yake ilitokea kwenye jalada la gazeti la wanawake la Elle. Mwongozaji Marc Allégret aliiona, akamtuma msaidizi wake kijana, Roger Vadim, amtafute. Wazazi walipinga mapenzi yaliyofuata, wakamtaka binti yao asubiri hadi atimize miaka 18, na Desemba 1952 wakafunga ndoa.

Filamu zake za kwanza hazina uzito. Mambo yalibadilika mwaka 1956, Vadim alipoongoza Et Dieu... créa la femme, yaani Na Mungu akamuumba mwanamke, iliyopigwa Saint-Tropez, mji mdogo wa wavuvi kusini mwa Ufaransa ambao tangu hapo umekuwa wa matajiri na watalii. Bardot alicheza kama Juliette, yatima anayetembea peku, asiyeficha anachotaka na asiyeomba radhi kwa kukitaka. Nyumbani Ufaransa filamu hiyo haikuvuma sana mwanzoni. Ilivuma Marekani, ambako studio za Hollywood zilibanwa na kanuni kali za maadili, viongozi wa Kikatoliki wakailaani, na katika baadhi ya miji mamlaka zikajaribu kuizuia isionyeshwe, jambo ambalo kwa kawaida huwa ni tangazo la bure. Mwaka 1959 mwanafalsafa Simone de Beauvoir aliandika insha nzima kumhusu Bardot, akieleza kwamba kilichowaudhi wanaume si mwili wake, kwa kuwa miili walikuwa wameizoea kwenye sinema, bali ni kwamba mwanamke huyu alitamani kama wao wanavyotamani na hakuona aibu. Kwa maoni yangu hakuna aliyeieleza siri ya Bardot vizuri zaidi ya hapo.

Umaarufu huo ulikuwa na gharama ambayo vijana wa leo, walioukuta ulimwengu umejaa kamera, wanaweza kuielewa kuliko wazazi wao. Mwaka 1959 aliolewa na mwigizaji Jacques Charrier, na Januari 1960 akajifungua mtoto wake wa pekee, Nicolas, ndani ya nyumba yake ya Paris kwa sababu wapiga picha walikuwa wameizingira kiasi kwamba hakuweza kutoka kwenda hospitali. Septemba mwaka huo huo, siku ya kutimiza miaka 26, alijaribu kujiua. Mtoto alilelewa na familia ya baba yake. Katika kumbukumbu zake za maisha, zilizochapishwa 1996, Bardot aliuelezea ujauzito ule kwa maneno makali mno, na baba na mwana wakamshtaki, mahakama ikaamuru walipwe fidia. Nimelitaja jambo hili mapema makusudi, kwa sababu linaonyesha kwamba ulimi usio na breki haukuanza na siasa, na kwamba hata damu yake mwenyewe haukuisaza.

Mwaka 1961, wakati vita vya Algeria vikielekea mwisho, OAS, jeshi la siri la Wafaransa waliotaka Algeria iendelee kutawaliwa, lilimwandikia likimtaka alipe fedha, na kumtishia endapo atakataa. Watu wengi maarufu walipopata barua za aina hiyo walinyamaza. Bardot aliipeleka yake kwenye gazeti la L'Express ichapishwe, pamoja na jibu kwamba hatalipa kwa kuwa hataki kuishi katika nchi ya Kinazi. Ulihitajika ushujaa kufanya hivyo wakati mabomu yakilipuka Paris. Mwanamke huyo huyo, miaka 30 baadaye, aliolewa na Bernard d'Ormale, aliyekuwa mshauri wa Jean-Marie Le Pen, kiongozi wa mrengo mkali wa kulia, na baadaye akamuunga mkono hadharani binti yake, Marine Le Pen, katika chaguzi za urais. Wanaotafuta msimamo mmoja wa kisiasa katika maisha ya Bardot watachoka bure. Alichokuwa nacho ni silika ya kukataa kutishwa, na silika hiyo ilimpeleka kila upande.

Watu wengi hudhani alianza kuwatetea wanyama baada ya kustaafu. Ukweli ni kwamba alianza Januari 1962, akiwa nyota mkubwa kuliko wote nchini mwake, alipotokea kwenye kipindi cha televisheni cha Cinq colonnes à la une kueleza jinsi ng'ombe na farasi walivyouawa katika machinjio ya Ufaransa, wakiwa na fahamu zao zote, baadhi yao wakipigwa nyundo zaidi ya mara moja. Alidai itumike bastola maalumu inayompiga mnyama kwenye paji la uso na kumpoteza fahamu kabla hajakatwa, chombo ambacho tayari kilikuwa kikitumika katika nchi nyingine za Ulaya. Kisha alikwenda kumwona Waziri wa Mambo ya Ndani, Roger Frey. Aprili 1964 serikali ilitoa amri iliyofanya kuzimisha fahamu kuwa sharti katika machinjio. Wapo waliokuwa wamelipigania jambo hilo kabla yake bila kusikilizwa, na haki inataka wakumbukwe, lakini bila uso wa Bardot kwenye televisheni sidhani kama waziri angefungua mlango haraka hivyo. Ukiniuliza ni kazi gani ya maisha yake iliyogusa viumbe wengi zaidi, nitakutajia hiyo, si picha za sili, wale wanyama wa bahari za baridi nitakaowafikia baadaye. Zingatia pia kwamba amri hiyo iliacha msamaha kwa uchinjaji wa kidini, wa Kiislamu na wa Kiyahudi, kwa sababu mgogoro wote uliofuata unatokana na msamaha huo.

Sasa nije kwenye kuondoka kwake. Si sahihi kabisa kusema kwamba aliacha sinema akiwa kileleni. Umaarufu wake binafsi ulikuwa juu, hata mwaka 1969 uso wake ulitumiwa kuwa kielelezo cha sanamu ya Marianne, alama ya Jamhuri ya Ufaransa inayowekwa katika ofisi za manispaa, lakini filamu zake zilikuwa zimeanza kudorora. Shalako ya 1968, alikocheza na Sean Connery, haikumletea sifa, na zilizofuata zilikuwa dhaifu zaidi. Mwaka 1973, akiwa kusini-magharibi mwa Ufaransa akipiga filamu ya Colinot, mwanamke mmoja aliyekuwa akicheza sehemu ndogo alikuja na mbuzi, akaeleza kwamba mbuzi huyo angechinjwa na kuliwa kwenye sherehe ya familia siku chache baadaye. Bardot alimnunua papo hapo na kulala naye hotelini. Yeye mwenyewe alisema siku hiyo ndiyo aliyoamua. Hakuwa amefikisha miaka 39, alikuwa amecheza katika filamu zaidi ya 40, na hakurudi tena mbele ya kamera ya sinema ingawa maombi hayakukoma. Kisa cha mbuzi ni kizuri, nami nakiamini, lakini nadhani mbuzi alimpa sababu ya kufanya alichokuwa tayari anakitaka, kwa sababu kazi ile ilikuwa imeshamkifu.

Machi 1977 alikwenda Blanc-Sablon, kwenye pwani ya mashariki mwa Kanada, kupinga uwindaji wa watoto wa sili waliokuwa wakiuawa kwa virungu kwa ajili ya manyoya yao meupe. Wanahabari waliokuwepo walimdhihaki, na wavuvi waliotegemea msimu huo walimchukia, lakini picha aliyopigwa barafuni akiwa amelaza shavu lake karibu na mtoto wa sili ilizunguka dunia. Mwaka 1983 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilipiga marufuku uingizaji wa ngozi za watoto hao, na mwaka 1987 Kanada yenyewe ikakomesha uwindaji wa kibiashara wa sili wachanga wenye manyoya meupe. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulipanua marufuku hadi bidhaa karibu zote za sili. Ushindi huu nao haukuja bila hasara. Soko la ngozi za sili lilipoanguka, walioumia kwanza si makampuni bali Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini, ambao hawawindi watoto wa sili wenye manyoya meupe, wanaowala sili, na ambao ngozi waliyouza ndiyo iliyowalipia mafuta na risasi. Sheria za Ulaya ziliwawekea msamaha, lakini msamaha haurudishi mnunuzi aliyekwisha kuambiwa kwamba ngozi ya sili ni aibu. Sijaona mahali ambapo Bardot aliwahi kushughulishwa sana na watu hao.

Mwaka 1986 alianzisha wakfu unaobeba jina lake. Ili taasisi ya aina hiyo itambuliwe na serikali ya Ufaransa kuwa yenye manufaa kwa umma, na hivyo iruhusiwe kupokea mirathi, ilihitaji mtaji mkubwa. Mwezi Juni 1987 alipiga mnada vito vyake, magauni, gitaa na zawadi za waume zake, almasi ya bilionea wa Kijerumani Gunter Sachs ikiwa miongoni mwake, akapata takriban faranga milioni 3. Fedha hizo hazikutosha, kwa hiyo mwaka 1991 alitoa nyumba yake ya Saint-Tropez, La Madrague, iwe mali ya wakfu, yeye akibaki na haki ya kuishi humo hadi mwisho wa uhai wake. Kutambuliwa kukaja 1992. Wengi hutoa kwa hisani kile kinachozidi, lakini Bardot alitoa paa lililokuwa juu ya kichwa chake, na hata wanaomchukia hawana budi kulikiri hilo. Nje ya Ufaransa, wakfu ulishirikiana na shirika la Four Paws kujenga hifadhi ya Belitsa huko Bulgaria kwa ajili ya dubu waliokuwa wakichezeshwa mitaani kwa mnyororo wa puani, na mwaka 2001 ulikubaliana na meya wa Bucharest kugharimia kuwafunga uzazi mbwa wa mitaani badala ya kuwaua, mpango ambao haukufika mbali kama alivyotaka.

Nimefika kwenye sehemu uliyoiuliza kwa uzito zaidi. Kuanzia 1997 hadi 2008 mahakama za Ufaransa zilimtia hatiani mara 5 kwa kuchochea chuki ya kibaguzi, kwa makala, vitabu na barua ambazo nyingi ziliwalenga Waislamu. Mwanzo wa karibu kila moja ni ule ule: Idi ya kuchinja na msamaha wa 1964. Hukumu ya 2008, ya faini ya yuro 15,000, ilitokana na barua aliyomwandikia Nicolas Sarkozy, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, akidai kondoo wa Idi wazimishwe fahamu kabla ya kuchinjwa. Kama angeishia hapo, hakuna mahakama ambayo ingemgusa, kwa kuwa dai hilo ni halali na linajadiliwa na watu wenye heshima zao. Ubelgiji, kwa mfano, majimbo mawili yaliweka sharti hilo kwa sheria, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mnamo Desemba 2020 ikaamua kwamba nchi wanachama zina ruhusa kufanya hivyo. Unaweza kukubaliana na uamuzi huo au kuupinga, lakini umeandikwa bila kumtukana mtu. Bardot hakuishia hapo. Kila mara alitoka kwenye kisu akaingia kwenye watu, akiwaeleza Waislamu wote kama jamii inayoiharibu nchi yake, na sheria ilimshika kwa hilo.

Hukumu ya mwisho inatuhusu kwa karibu zaidi kuliko magazeti yalivyoeleza. Mwaka 2019, akilalamikia hali ya mbwa na paka katika kisiwa cha Réunion, ambacho ni sehemu ya Ufaransa ndani ya Bahari ya Hindi, pamoja na kafara za mbuzi katika ibada za Watamil, watu wenye asili ya kusini mwa India, alimwandikia mwakilishi wa serikali kuu kisiwani barua iliyosema kwamba wenyeji wamebaki na chembe za urithi za ushenzi. Novemba 2021 mahakama ya kisiwa hicho ilimtoza yuro 20,000 kwa matusi ya kibaguzi. Sasa, hao anaowaita wenyeji ni akina nani? Kisiwa kile hakikuwa na watu kabla Wafaransa hawajakikalia. Waliokijaza ni pamoja na watumwa kutoka Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki, na Kilwa yenyewe ilikuwa kituo kikubwa cha biashara hiyo, ambako mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice alifunga mkataba na Sultani ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Kwa hiyo alikuwa akiwatukana wazao wa watu waliopelekwa huko kwa nguvu na Wafaransa wenzake, akitumia lugha ile ile iliyotumika kuhalalisha kuwapeleka.

Je, kazi ipokewe bila maneno? Kwangu mimi, sheria ya 1964, marufuku ya ngozi za sili wachanga na hifadhi ya Belitsa haziwi mbaya kwa sababu ya aliyezipigania, na ng'ombe aliyepoteza fahamu kabla ya kisu hakuhitaji kujua siasa za Bardot. Ila sikubali kwamba maneno yale yalikuwa dosari ya pembeni, kwa maana yaliidhuru kazi yenyewe. Wewe unajua kuliko mimi kwamba mafundisho ya dini yako yanamtaka mchinjaji anoe kisu vizuri na ampumzishe mnyama wake, na kwamba haifai kumnolea kisu mbele ya macho yake. Hapo palikuwa na mlango wazi wa mazungumzo na mashekhe, wachinjaji na madaktari wa mifugo wa Kiislamu huko Ufaransa. Aliupita mlango huo kwa miongo kadhaa akirusha matusi, na alipofariki msamaha aliopambana nao ulikuwa bado umo katika sheria ya Ufaransa. Aliyekuwa hodari wa kumfanya waziri amsikilize hakuwahi kujifunza kumsikiliza mtu aliyetofautiana naye, na wala hakulitaka somo hilo. Usidhani walioumizwa na ulimi huo ni Waislamu na watu wa Réunion peke yao: mwaka 2018, wanawake wa filamu walipokuwa wakifichua unyanyasaji wa kingono, aliwaita wengi wao wanafiki wanaotafuta kutajwa.

Kuhusu filamu, usianze na ile ya 1956, kwa kuwa kilichoishtua dunia wakati ule leo kinaonekana cha kawaida na hadithi yenyewe ni nyembamba. Anza na La Vérité ya mwaka 1960, iliyoongozwa na Henri-Georges Clouzot. Bardot ni msichana anayeshtakiwa kwa kumuua mpenzi wake, na mahakama nzima inamhukumu kwa namna alivyoishi zaidi kuliko kwa alichokifanya. Ndiyo filamu pekee ambayo hata waliomdharau walikubali kwamba aliigiza. Kisha tazama Le Mépris ya Jean-Luc Godard, ya 1963, iliyopigwa kwa sehemu katika kisiwa cha Capri, inayohusu mke anayeacha kumheshimu mume wake bila yeyote kati yao kuweza kutaja saa ilipotokea. Utahitaji subira nayo. Ukitaka kucheka, ipo Viva Maria! ya 1965, ambamo yeye na Jeanne Moreau wanaongoza mapinduzi katika nchi ya kubuni ya Amerika ya Kilatini. Za baada ya 1968 unaweza kuziacha.